Kendo kwa wanachuo wasiojua lolote: mwongozo wa muhula wa kwanza

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, klabu ya chuo ya kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa panga za mwanzi, hupokea watu wa aina tatu: waliovutwa na katuni za Kijapani, waliomsindikiza rafiki, na yule mmoja asiyekosekana anayeuliza kama mchezo huu utamsaidia akikutana na vibaka usiku. Huyo wa mwisho mwambie ukweli siku hiyo hiyo: hapana. Kendo haifundishi kujihami. Shirikisho la Kendo la Japani liliandika mwaka 1975 kwamba lengo ni kujenga tabia ya mtu kwa kufuata kanuni za upanga. Na hata ukiliweka hilo pembeni, hakuna atakayetembea mjini na mwanzi wa zaidi ya mita moja begani akingoja avamiwe.

Mwongozo huu ni wa wewe uliyekabidhiwa watu hao. Pengine una shodan au nidan, yaani daraja la kwanza au la pili, na mwalimu wako amekwambia kuwa wageni wa mwaka huu ni wako. Nachukulia una muhula wa wiki 12 hivi, vipindi viwili kwa wiki vya saa moja na nusu, na wanafunzi wenye mitihani, wapenzi, kazi za jioni na mkopo unaoisha kabla ya mwezi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema, maana wapo walimu wasioukubali: mgeni apige kitu siku ya kwanza. Asipunge hewa tu, apige kitu kinacholia. Utaratibu wa kumwacha mtu apunge shinai, yaani ule upanga wa mwanzi, hewani kwa miezi unamfaa mtoto wa miaka saba anayeletwa na mzazi na atakayeendelea kuletwa miaka kumi. Mwanachuo analetwa na miguu yake, na miguu hiyo hiyo itampeleka kwingine. Historia nayo iko upande wangu. Zamani wapiga panga wa Japani walijifunza zaidi kwa mifuatano iliyopangwa, wakitumia upanga wa mbao au wa chuma, kwa sababu pigo la kweli lingevunja mfupa au kuua. Katika enzi ya Shotoku, kati ya 1711 na 1715, Naganuma Shirozaemon Kunisato wa mkondo wa Jikishinkage aliboresha mwanzi na deraya ili watu wapigane kwa nguvu zote na kesho yake warudi mazoezini. Vifaa hivi vilitengenezwa ili tupige. Kumnyima mgeni pigo mwezi mzima ni kumficha mchezo wenyewe.

Kabla hujabandika tangazo

Shodan anaweza kuongoza wageni, ila juu yake awepo mwenye daraja la juu zaidi anayefika mara kwa mara kukurekebisha wewe, kwa sababu kosa la mwalimu huzaliana. Klabu iwe chini ya shirikisho la taifa lililo mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Kendo, lililoundwa mwaka 1970. Nje ya hapo wanafunzi wako hawatakuwa na pa kufanyia mtihani wa daraja unaotambulika. Suala la bima ya majeraha lifuatilie chuoni kabla ya siku ya kwanza, si baada ya mtu kuteguka.

Nitoke nje ya njia kidogo kwa ajili ya msomaji aliye Japani kwa ufadhili wa masomo, iwe wa serikali ya huko au wa mpango wa ABE, wa elimu ya biashara kwa vijana wa Afrika, ulioanza kuwapokea mwaka 2014. Huko mambo ni tofauti. Tangu 2012 michezo ya jadi ya mapigano ni lazima katika masomo ya viungo ya shule za kati, na wanaojiunga na timu kuu ya kendo ya chuo, ile wanayoiita bu, wengi wao wamevaa deraya tangu utotoni. Mgeni kabisa akijitosa humo atakuwa peke yake. Tafuta dokokai, kundi la wapenzi wa mchezo lisilo na masharti makali, au dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, ya mtaani ambako wazee na watoto hujifunza pamoja.

Ukumbi ndio kifaa cha kwanza. Kendo huchezwa peku, na unahitaji sakafu ya mbao yenye kunepa, kama ya uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu. Kwenye saruji unaweza kufundisha karibu kila kitu isipokuwa kukanyaga kwa kishindo. Hilo liache kabisa mpaka upate mbao. Vigae vinateleza, achana navyo. Dari nalo lipime: mtu mrefu akinyoosha mikono na shinai juu anavuka mita tatu kirahisi, na taa za ukumbi si zako. Kabla ya kila kipindi sakafu ifagiliwe na kupitiwa kwa macho, mkitafuta skrubu, vipande vya kioo na pini. Kazi hiyo ifanywe na wote, wakongwe na wageni pamoja. Desturi ya klabu fulani ya kumfanya mgeni mtumwa wa ufagio haina unalolihitaji.

Shinai ni upanga wa vipande vinne vya mwanzi vilivyofungwa kwa ngozi na uzi. Ya watu wazima huitwa saizi 39: urefu usizidi sentimita 120, na kwa mashindano uzito usipungue gramu 510 kwa wanaume na 440 kwa wanawake. Mwenye umbo dogo mwanzishie saizi 38, isiyozidi sentimita 117. Mashindano bado yako mbali, na shinai nzito mkononi mwa asiyejua humfundisha kubeba kwa bega la kulia. Kila mtu awe na shinai yake kipindi kizima. Kupokezana huua mazoezi. Deraya za wageni huna haja nazo sasa. Unachohitaji ni matairi mawili matatu ya gari yaliyochakaa, yaliyofungwa kwenye nguzo au fremu imara usawa wa kichwa. Shule za Japani zenyewe hupigia matairi.

Mavazi ni fulana na suruali ya michezo. Saa, pete, hereni na mikufu vivuliwe, kucha za miguu zikatwe. Hijabu ya michezo isiyo na pini inakaa vizuri, na baadaye itaingia chini ya kitambaa cha kichwani bila shida. Muulize kila mtu kwa faragha kuhusu moyo, pumu, magoti na miwani. Mwenye miwani anaweza kuanza nayo. Tatizo litakuja siku ya kuvaa kofia ya deraya, na lensi za machoni humaliza mengi.

Siku ya maonyesho

Dakika kumi zinatosha. Wakongwe wawili wavae kamili, wafanye kirikaeshi moja ya nguvu, yaani mfuatano wa mapigo ya kichwani, na pambano fupi. Usieleze lolote wakati wanapiga. Sauti itawaita watu yenyewe, ila hakikisha hamko chini ya dirisha la maktaba. Kisha mkongwe aliyevaa deraya asimame, na wewe umpe kila mpita njia shinai, umwoneshe pa kushika, aambiwe apige utosini. Wengi watapiga kwa woga mara ya kwanza, wataona mkongwe anacheka ndani ya nondo za kofia, na mara ya pili watapiga kweli. Hapo ndipo unapochukua namba za simu.

Ukiulizwa sheria, zieleze kwa ufupi. Sehemu za kupigwa ni nne: men, kichwani, kote, kwenye kifundo cha mkono, do, ubavuni, na tsuki, kuchomwa kooni, ambayo mgeni haifanyi wala hafanyiwi.

Suala la kuinama

Litakuja mapema kuliko unavyodhani, na ni heri ulianze wewe. Kendo ina kuinama kwa kusimama, takriban digrii 15 kwa mwenzako na 30 kwa upande wa mbele wa ukumbi unaoitwa shomen. Ina pia kuinama kwa kukaa: umekalia visigino, viganja sakafuni, kichwa kinashuka. Mwanafunzi Mwislamu akiona hilo la pili atakumbuka sijida, na Mkristo wa makanisa fulani atajiuliza anamwinamia nani. Ukiwajibu kwamba ndio utaratibu wetu, hawatabishana nawe. Wataacha kuja, na hutajua sababu.

Kwa hiyo sema kabla hakujafanyika. Eleza kwamba hakuna anayeabudiwa, kwamba kimya kile cha dakika moja kinachoitwa mokuso ni cha kutuliza pumzi wala si sala, na kwamba kumwinamia mwenzako ni kukubaliana naye kabla hamjaanza kupigana vichwani. Kisha toa nafasi. Asiyetaka kuinamia shomen na akae wima kwa heshima wakati wengine wanainama; asiyetaka kuinama kwa kukaa na ainame kwa kusimama, ambako ndiko kunakotumika uwanjani wakati wa mechi. Ambalo halina mjadala ni salamu kwa mwenzako. Asiyeweza kumpa mwenzake hata kichwa kidogo cha heshima hapaswi kushika shinai mbele yake.

Na ratiba iheshimu watu. Kipindi kikivuka magharibi, weka mapumziko hapo. Mwezi wa Ramadhani usimpe aliyefunga mazoezi ya kukimbizana jioni kabla ya futari. Mpe kazi ya upanga wa mbao, ambayo nitaieleza.

Kipindi cha kwanza

Adabu iwe mambo matatu tu. Unainama ukiingia. Shinai iliyo chini hairukwi, wala haigeuzwi mkongojo. Kabla ya zoezi la wawili mnasema onegaishimasu, mkimaliza mnasema arigato gozaimashita. Mengine, nani akae wapi na ncha ielekee wapi, yatajifunzwa njiani.

Pasha miili moto, na vigimbi na kano za visigino zipewe muda mrefu kuliko kawaida. Mguu wa kushoto utabeba kazi ambayo haujawahi kuibeba.

Dakika 20 zinazofuata ni za miguu, mikono mitupu. Mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma, vidole vya kushoto vikiwa usawa wa kisigino cha kulia, kati yake nafasi ya ngumi moja. Nyayo zote mbili zinatazama mbele. Kisigino cha kushoto kimenyanyuka kidogo, cha kulia kinagusa sakafu kwa wepesi kiasi cha karatasi kuweza kupita. Magoti hayakukazwa wala hayakukunjwa. Kisha mwendo, na kanuni yake ni moja: mguu ulio upande unakokwenda ndio unaotangulia, mwingine unaufuata upesi na kurudi mahali pake. Kwenda mbele au kulia, unatangulia wa kulia. Kurudi nyuma au kwenda kushoto, unatangulia wa kushoto. Nyayo zinateleza, haziruki, na miguu haipitani.

Utaona makosa mawili kwa karibu kila mtu. Unyayo wa kushoto unageukia nje, na kisigino chake kinaanguka mtu akichoka. Usihubiri. Wapange juu ya mistari ya uwanja, mguu wa kushoto ukiwa sambamba na mstari, na mstari utawasahihisha kuliko wewe. Amri ziwe za Kijapani tangu mwanzo, mae (mbele), ushiro (nyuma), migi (kulia), hidari (kushoto), na uziseme bila mpangilio ili wasikilize badala ya kukariri.

Ndipo shinai. Mkono wa kushoto unashika mwisho kabisa wa mpini, kidole cha mwisho na cha pete vikibana, vingine vikilegea. Wa kulia unashika karibu na tsuba, kile kikingio cha duara, kwa wepesi. Viganja vyote vinaingia kutoka juu, kama mtu anayekamua nguo iliyoloa, si kama anayeshika mpini wa jembe kutoka pembeni. Ngumi ya kushoto ikae mbele ya kitovu, umbali wa ngumi moja kutoka mwilini, na ncha ielekee kooni kwa anayekukabili. Huo ndio msimamo wa chudan, na wataurudia maisha yao yote ya kendo.

Kunyanyua: mikono inapanda mpaka uone mbele yako kati ya viwiko, mkono wa kushoto ukiwa juu ya paji la uso. Kushusha: mkono wa kushoto ndio injini, wa kulia ni usukani. Pigo la men likifika, mkono wa kulia uko usawa wa bega na ngumi ya kushoto iko usawa wa chembe cha moyo. Waache wafanye polepole mara chache hewani, kisha acha hewa. Wakongwe washike shinai zao kwa ulalo usawa wa kichwa, na wageni wapige, kila mmoja mapigo kumi, kwa hatua moja mbele. Sehemu ya kupigia ni robo ya juu ya shinai, kutoka ule ufungio wa ngozi unaoitwa nakayui hadi karibu na ncha. Wakigusa kwa katikati ya shinai, wako karibu mno.

Sauti ndiyo itakayowatesa. Mtu anayeongea bila woga darasani hupotelewa na koo akiambiwa apige kelele peke yake. Wapige kelele wote kwa pamoja wakitazama ukuta wa mbali, wewe ukitangulia na ukiwa wa kwanza kuchekwa. Kisha kila pigo litajwe jina lake linapogonga: men! Sauti inayokuja baada ya pigo haina kazi.

Dakika kumi za mwisho, mkongwe mmoja avae deraya na kila mgeni ampige men mara tatu kwa yale aliyojifunza. Nyamaza, kaeni, mokuso, nyumbani.

Wiki ya pili hadi ya nne

Sasa suburi, yaani mapigo ya hewani, yapewe nafasi yake, kwa sababu mgeni ameshajua yanamsaidia nini. Anza na joge-buri, mpungo mkubwa kutoka juu hadi usawa wa magoti, kisha pigo la shomen, yaani la katikati, linalosimama usawa wa kichwa, kisha mapigo ya kushoto na kulia kwa pembe ya digrii 45. Mapigo 30 yaliyonyooka yanashinda 300 ya kuchoka. Kila mmoja apokee zamu ya kuhesabu kumi kwa sauti, ichi, ni, san, hadi ju. Anayehesabu huamka, na haya inaanza kumtoka. Tazama mkono wa kulia tu. Bega la kulia likipanda, au shinai ikipinda kuelekea kushoto inaposhuka, mfanye apunge kwa mkono wa kushoto peke yake mara tano, kisha arudishe wa kulia. Kwa kawaida hujirekebisha hapo hapo.

Mapigo ya kitu yaendelee kila kipindi: matairi, shinai ya ulalo, deraya ya mkongwe. Wiki ya tatu ongeza kote, ya nne ongeza do. Do huwachanganya wengi kwa kuwa mikono lazima igeuke ili upande wa makali ndio ugonge. Shinai ni ya mviringo lakini ina makali ya kudhania: uzi unaopita juu yake ndio mgongo, na upande wa pili wa uzi ndio unaokata. Pigo la ubapa halihesabiki hata likilia namna gani.

Tenga nusu kipindi wiki ya pili kwa matunzo ya shinai, na usiliache hili kwa kuona ni jambo dogo. Kibanzi cha mwanzi kinaweza kupita kati ya nondo za kofia na kuingia jichoni; ni katika ajali mbaya kabisa za mchezo huu. Wafundishe kuifungua: legeza uzi, toa ngozi ya ncha, vuta ngozi ya mpini, tenganisha vipande vinne. Kila kipande kipitishwe kidole kingoni. Vibanzi vikwanguliwe kwa kisu na kulainishwa kwa msasa, kisha kupakwa mafuta kidogo. Kipande chenye ufa kinatupwa, hakizungushiwi gundi ya karatasi. Tafuta kipande kizima kutoka shinai nyingine iliyokufa ya aina ile ile. Ukirudishia, hakikisha kile kichuma kidogo ndani ya mpini kimekaa kwenye mifereji yake, uzi umekazwa, na nakayui iko robo ya urefu kutoka kwenye ncha na haizunguki. Tangu siku hiyo, kila mtu akague shinai yake kabla ya kila kipindi, na aonywe hadharani asipofanya.

Malengelenge chini ya vidole vya mguu wa kushoto na kiganjani yatakuja. Yasafishwe, yafunikwe kwa plasta, yasitumbuliwe kwa pini ya mtu. Malengelenge kwenye kiganja cha kulia ni taarifa: huyo anabana mkono usiopaswa kubana.

Kukanyaga kwa kishindo

Kati ya wiki ya tano na ya saba unafika kwenye fumikomi, ile hatua ya kurukia ambayo mguu wa kulia unagonga sakafu wakati ule ule shinai inapogonga shabaha. Wageni hulipenda na huumia nalo. Kisigino cha kulia huchubuka kwa ndani, kano ya kisigino cha kushoto huvutika, na yote mawili huchukua wiki nyingi kupona.

Nguvu hutoka mguu wa kushoto unaosukuma. Mguu wa kulia unakwenda mbele ukiwa karibu na sakafu, na unyayo mzima unatua bapa. Anayenyanyua goti juu kama askari wa gwaride atatua kwa kisigino. Wafundishe kwanza bila shinai, wameshika viuno, hatua moja moja. Kisha wapige makofi kila mguu unapotua, wasikie kama sauti ni moja au mbili. Ni hapo tu shinai inarudi. Siku ya kwanza hatua 20 au 30 zinatosha kwa mtu, hata wakilia wanataka zaidi. Atakayesema kisigino kinauma arudi kwenye mwendo wa kuteleza siku hiyo hiyo, na asionewe.

Pigo haliishii kwenye kishindo. Akishapiga, mtu anapita mbele kwa hatua ndogo za haraka, anageuka, anarudi chudan, tayari. Hiyo ni zanshin, na bila hiyo waamuzi hawatoi pointi. Wapate mazoea ya kupita hadi ukutani wakiwa bado wanatoa sauti.

Upanga wa mbao na kirikaeshi

Mwaka 2003 Shirikisho la Japani lilitoa mfululizo wa mbinu tisa za msingi zinazofanywa na watu wawili kwa bokuto, upanga wa mbao. Kwa klabu ya chuo isiyo na deraya za kutosha, hii ni neema. Zinafundisha umbali, pembe ya makali na namna ya kumfungulia mwenzako nafasi, na pigo husimama kabla ya kugusa mwili. Anza na nne za mwanzo, kipindi kimoja kwa wiki. Aliyefunga, mwenye mguu mbovu na aliyechoka na mtihani wa asubuhi wote wanaweza kushiriki.

Kirikaeshi inahitaji mkongwe mbele ya mgeni. Mgeni anapiga men ya katikati, kisha mapigo tisa ya pembeni, manne akisonga mbele na matano akirudi nyuma, akianzia upande wa kushoto wa kichwa cha mpokeaji. Anamalizia na men nyingine ya katikati. Mzunguko unarudiwa mara mbili. Mpokeaji akinge kwa shinai akiisimamisha karibu na kichwa, na yeye ndiye mwenye kushika kasi. Mgeni asikimbizwe: pumzi, miguu na mapigo vikishaachana, mrudishe kwenye mwendo wa pole na pigo kubwa.

Deraya

Usiwavishe wote kwa tarehe moja. Kigezo changu ni kimoja: anayeweza kufanya kirikaeshi nzima bila mguu wake wa kushoto kuupita wa kulia, avae. Wengine watafika mwisho wa muhula, wengine muhula ujao. Deraya ni ghali kuliko kila kitu kingine, hivyo klabu iwe na seti za kuazima, na usimshauri mtu anunue yake kabla hajavaa ya klabu muhula mzima.

Wavishe kwa awamu. Kipindi cha kwanza tare ya kiunoni na do ya kifuani tu, wafanye mazoezi ya kawaida. Kipindi kinachofuata glavu, wa kushoto kwanza. Kofia ndiyo ya mwisho, juu ya tenugui, kitambaa cha pamba kinachofungwa kichwani. Kamba za kofia zilale bapa bila kujisokota, na ncha zake zisizidi sentimita 40 kutoka kwenye fundo. Mara ya kwanza ndani ya kofia huleta hofu: husikii vizuri, huoni miguu, jasho linaingia machoni na huwezi kulifuta. Mwache avae dakika tano bila kupigwa, atembee. Halafu mkongwe mwenye mkono mwepesi ampige men moja, kidevu kikiwa ndani, macho wazi. Anayepepesuka kwa hofu apewe muda. Kumpiga zaidi ili azoee ni upuuzi.

Kila mtu na tenugui yake, ifuliwe kila mara. Deraya za kuazima zianikwe kivulini penye upepo, zisifungiwe begini zikiwa mbichi. Na maji yanywewe. Kofia zivuliwe katikati ya kipindi hata kama wazee wenu walifunzwa kukaa na kiu, hasa kwenye joto.

Mechi na madaraja

Wiki za mwisho panga mashindano madogo ya ndani, wasio na deraya wakishindania mapigo bora kwenye shinai ya ulalo huku wenzao wakiwa waamuzi. Wape bendera nyekundu na nyeupe, watatu watatu, na pointi itolewe na bendera mbili. Kukaa upande wa mwamuzi huwafunza haraka kwamba kugusa si kupiga: sauti, shinai na mwili vifike pamoja, mahali sahihi, kwa makali, na zanshin ifuate. Mechi rasmi ni dakika tano, wa kwanza kupata pointi mbili, kwenye uwanja wa mita 9 hadi 11 kila upande. Wanafunzi wa soka hushangaa wanapoambiwa kwamba anayeshangilia pointi yake anaweza kunyang'anywa.

Wakiuliza kuhusu mikanda, kendo haina. Kuna kyu, madaraja ya wanaoanza, kisha dan hadi ya nane. Kwa kanuni za Japani, shodan inahitaji kuwa na kyu ya kwanza. Nidan ni mwaka mmoja baadaye na sandan, dan ya tatu, miwili tena. Anayeanza mwaka wa kwanza na kuhudhuria vizuri ana nafasi ya kuhitimu na dan pamoja na shahada. Ya nane haiombwi kabla ya umri wa miaka 46 na miaka kumi baada ya ya saba, kwa hiyo hilo si la kuwasumbua sasa.

Mitihani na likizo

Wiki mbili za mitihani punguza vipindi hadi kimoja, cha hiari, kifupi, bila lawama kwa asiyekuja. Kabla watu hawajatawanyika, gawa shinai za klabu kwa watakaozihitaji, kila moja ikiwa imekaguliwa na kuandikwa jina la aliyeichukua. Kazi ya nyumbani iwe ndogo: mwendo wa miguu mbele ya kioo na suburi 50 siku watakazoweza, nje, mbali na watoto na nyaya za nguo. Shinai isafirishwe ndani ya mfuko wake, na kwenye ndege iende na mizigo ya chini, kwa kuwa hawatairuhusu ndani. Kipindi cha kwanza mkirudi, rudisheni shinai zikaguliwe upya, na mnaanza tena kwenye mistari ya uwanja, mikono mitupu, kwa dakika 20.